Kasoro Kabla ya Bei

Columbus, Ohio
Machi 9

Kwa dada yangu Kaltuma binti Hirbo, Garsen

Amani ya Mwenyezi Mungu ikufikie wewe na kila anywaye maziwa nyumbani mwako. Je, goti lako limekubali kuinama, au bado unasali ukiwa kitini? Na mto, umerudi kwenye kingo zake? Sisi huku tu wazima. Theluji imeanza kuyeyuka, na mke wangu Nasteha anakusalimu sana. Naandika Kiswahili kwa kuwa ndicho tulichofundishwa kuandika shuleni pale Ngao. Naandika karatasini, badala ya kukurekodia sauti kwenye simu, kwa kuwa nina neno ambalo sauti yangu haitaliweza.

Anayekukabidhi barua hii ni mwanangu Zakaria mwenyewe. Yule uliyembeba mgongoni akiwa na miaka miwili, siku vurugu zilipotuondoa, sasa atainama ili apite mlangoni mwako. Mtazame vizuri, dada. Miguu yake miwili ipo, na akili yake ni timamu. Ameacha mpira. Alhamdulillahi, ameacha.

Majirani watauliza ni mpira gani huo. Wewe mwenyewe, nilipokutumia picha yake, ulinijibu kwa kicheko kwamba tumemvika mtoto sufuria kichwani na kumpeleka mbele za watu. Basi waambie kuwa huku kuna mpira unaobebwa mikononi. Kazi ya Zakaria ilikuwa kukimbia pembezoni mwa uwanja, kumtoroka anayemlinda, kisha kugeuka na kuudaka mpira uliorushwa kutoka mbali. Wakati anaudaka macho yake yako juu, na hapo ndipo mtu mwenye uzito wa ndama wa mwaka mzima anapomjia mbavuni. Alicheza chuoni miaka minne, halafu misimu minne kwa mshahara. Watu wasiotujua walivaa fulana zenye jina la Baba mgongoni. Msikitini vijana walinipisha safu ya mbele. Nilifurahi, sikatai. Lakini kila mpira ulipokuwa hewani nilifumba macho, na Nasteha ndiye aliyeniambia kama kijana amesimama.

Mwezi wa Novemba Nasteha hakusema kitu. Nilipofumbua macho, Zakaria alikuwa amelala chali, mkono mmoja umekakamaa juu kana kwamba bado unangoja mpira. Alitolewa uwanjani kwa machela. Walimpiga picha za kichwa, wakangoja, wakapiga tena. Mwisho wa Januari daktari alisema haoni jeraha la kudumu, ila angekuwa mwanawe asingemrudisha uwanjani. Zakaria akamshukuru, akatoka nje, akanipigia simu. Hakuzungumzia mpira. Aliuliza kama uzao wa ng'ombe wake wa kitovu, yule mtamba uliyemtengea kitovu chake kilipoanguka, bado upo.

Sasa neno lenyewe. Unakumbuka siku Baba alipouza fahali kwa yule mfanyabiashara wa Malindi? Tulikuwa nusu ya njia ya kurudi nyumbani aliposimama ghafla na kusema kwamba hakumweleza kuhusu kikohozi. Wewe ulinung'unika kuwa mnunuzi naye ana masikio. Baba alitugeuza hivyo hivyo, miguu ikituuma, mpaka sokoni Garsen. Kasoro husemwa kabla ya bei, alituambia, na ukisahau, utaisema hata baada ya bei. Yule bwana alicheka sana, akamchukua fahali wake vile vile.

Zakaria alipokuwa na miaka kumi na mitano aligongwa mazoezini shuleni, akazimia. Alipozinduka aliniuliza mara tatu mama yuko wapi, na mama alikuwa amemshika mkono. Miaka miwili baadaye walikuja watu wa chuo. Walimpima mikono, wakamkimbiza, wakamgeuza huku na huku, nami mnada naujua nikiuona. Kisha wakanipa fomu nijaze. Swali la tisa liliuliza kama kijana amewahi kupoteza fahamu. Mimi, mwana wa Hirbo, niliandika hapana. Nilijiambia kuwa mtu hamtangazi mwanawe mbele ya wageni. Nilijidanganya. Nilitaka wamchukue.

Mwezi uliopita nilimweleza yote. Akasema swali lile aliulizwa kila mwaka, na kila mwaka alijibu kama mimi, kwa kuwa alidhani ndivyo watu wetu wanavyojibu. Ni Novemba, akiwa kitandani, ndipo alipomwambia daktari ukweli, na ukweli huo ndio uliomfanya daktari aseme aliyoyasema. Kwa hiyo aliyegeuka nusu ya njia si mimi, dada. Ni yeye, ambaye hata sura ya babu yake haikumbuki. Tangu siku hiyo nalala usingizi mzima, na mpira ukionyeshwa kwenye televisheni nautazama kwa macho yote mawili.

Nisalimie wanao na wajukuu, na wote wanaouliza habari zangu pale sokoni. Ukienda kaburini kwa Baba, msomee na kwa niaba yangu.

Jambo moja la mwisho. Uliniambia ukame ulimwachia Zakaria mtamba mmoja tu, na kwamba jicho la kushoto la mtamba huyo halioni. Kabla kijana hajamkaribia, mwambie habari ya jicho.

Ndugu yako,
Huka Hirbo