Nyumba Tatu Juu ya Maharage Yangu

Jumapili, 9 Juni

Wewe mtoto, huna haya! Nakusema hapa kitabuni kwa sababu kule uani nimekusema mpaka koo limekauka, na wewe unachezea simu. Mtu anaondoka kwenda kumuuguza dada yake, anaacha maharage yametoa maua. Anarudi anakuta nyumba tatu juu yake. Tatu! Hata fuko ana adabu kuliko hivyo.

Ati, "Mama, tumewahi." Tumemuwahi nani?

Kumbe nilipokuwa kwa dada, jiji limesogeza mpaka wake. Zamani lilikuwa linaishia darajani. Sasa linaishia huko nyuma ya machimbo ya mawe, na sisi wa mteremko huu tumo ndani. Nimelala mtu wa shamba, nimeamka mtu wa jiji, na hata viatu sijabadilisha. Maji ya bomba hakuna. Taa ya barabarani hakuna. Barabara yenyewe hakuna! Lakini jiji.

Tangazo limesema ardhi iliyo wazi ndani ya mpaka itachukuliwa kwa matumizi ya jiji. Watu wakapatwa na wazimu. Kila mwenye shamba anasimamisha nyumba ili lisionekane wazi. Na mwanangu, ambaye bawaba moja ya mlango wangu wa jikoni imemshinda mwaka mzima, kajenga mtaa mzima mimi nikiwa safarini.

Jumatatu, 10 Juni

Nimezikagua. Nani kaziita nyumba? Ya kwanza ni mabanzi na mabati yenye matundu. Ukiingia ndani unahesabu nyota mchana. Ya pili ina madirisha mawili mbele na pazia, safi kabisa — nyuma haina ukuta, ni turubai. Ya tatu ukivuta mlango, ukuta unakuja nao. Nimeuvuta. Nikaurudisha taratibu, nikaangalia kama kuna aliyeniona.

Aliniona Mwalimu Mstaafu, jirani yangu wa upande wa juu. Akacheka. Nikamwuliza na yeye ana nini cha kucheka, kwani katikati ya mihogo yake kuna choo kipya kina pazia la maua na kitambaa cha kufutia miguu. Akasema, "Dada, kile ni chumba cha wageni." Nikamwuliza ni mgeni gani huyo analala amechuchumaa. Akaenda zake.

Kubomoa sijasema wabomoe. Nitasema ukweli, hapa hanisikii mtu. Shamba hili nalitaka. Baba yao alipokufa lilinilisha mimi na watoto bila kwenda kupiga hodi kwa mtu. Likiondoka, nitakaa kwenye kibaraza cha mkwe, mke wa huyu mwanangu, nikisubiri sahani. Mkwe mwenyewe yule! Tangu nilipomwambia mchuzi wake ni maji ya kunawia, kahamisha sufuria zake, anapika upande wake wa ua na mimi upande wangu. Kumsubiri yule anipakulie? Mimi?

Ijumaa, 14 Juni

Leo wamekuja kuhesabu. Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Mwanangu alisema nyumba bila watu ni banda, na watu bila moto ni wapita njia. Kwa hiyo asubuhi akaweka jiko la mkaa mbele ya kila mlango, yote yanafuka. Ya kwanza akamkalisha mtoto wa kaka yangu, aliyemwazima kwa siku moja tu. Amekuja na mke wake na godoro kichwani, basi mjukuu wangu akamwita Godoro, na jina limeganda. Ya pili akamweka mkewe, ati mpangaji. Ya tatu akakaa mwenyewe, ati kijana anayejitegemea. Mimi nikaambiwa nikae kwenye nyumba yangu ya siku zote na nifunge mdomo. Nikaufunga. Watu wote wameshangaa.

Akaja Afisa wa Ramani, msichana mrefu, viatu vya mpira, kofia, anatembea kama anayetafuta alichodondosha. Nyuma yake bwana mmoja na kopo la rangi nyekundu.

Akamwuliza mkwe, una mume? Mkwe akasema hana. Akamwuliza mwanangu, una mke? Akasema bado anatafuta. Hapo mjukuu akatoka mbio kwa "mpangaji" kwenda kwa "kijana" akilia, "Baba, mama amenichapa!" Msichana wa watu akamtazama mwanangu. Mwanangu akasema, "Watoto wa jirani wamenizoea sana." Mkwe akaingia ndani, nikasikia turubai linatikisika kwa kicheko.

Kopo likafanya kazi yake. Kila mlango namba yake. Wangu, wa Godoro, wa mkwe, wa mwanangu. Choo cha Mwalimu nacho kina namba.

Jioni mwanangu anatembea amevimba kifua. Mama, unaona? Sasa nani atasema ni wazi?

Jumamosi, 15 Juni

Godoro hajaondoka. Nimemwuliza anaondoka saa ngapi. Akasema, shangazi, tupumzike kidogo.

Kapigilia msumari wa kutundika koti.

Jumapili, 16 Juni

Kapanda kitunguu mbele ya mlango. Kwenye tuta langu!

Jumatano, 19 Juni

Tumeitwa mkutanoni kwenye darasa la shule. Watu wazima tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika masikioni. Afisa wa Ramani kabandika karatasi kubwa ubaoni, ina rangi kama kitenge.

Akasema mteremko wetu, kabla hawajahesabu, ulipangiwa nafasi. Viwanja vikubwa, nyumba mojamoja, na mwenye shamba aruhusiwe kuendelea kulima. Hilo la kuchukuliwa lilikuwa kwa mapori yasiyo na mwenyewe, kule machimboni. Sisi tulikuwa salama.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mama yangu wee."

Akasema sasa wamehesabu, na wameshangaa. Nyumba zimebanana kuliko sokoni. Kwa hiyo rangi yetu imebadilika. Mteremko sasa ni wa msongamano mkubwa. Kila kaya itapewa kiwanja chake kidogo, na kila kiwanja njia yake, pana, gari la zimamoto lipite. Pembeni ya barabara, ghorofa. Barabara yenyewe nayo itakuja, akasema, kama anayetuliza watoto.

Tumejijaza wenyewe! Hakuna aliyetusukuma. Tumekimbizana na mabanzi na misumari mpaka tumejigeuza uswahilini kwa mikono yetu, halafu tukawasha mkaa ili waone vizuri.

Mwalimu Mstaafu akanyoosha kidole kama wanafunzi wake. Akauliza, je, choo nacho kimehesabiwa? Msichana akaangalia makaratasi. "Namba yako ni kaya ya mtu mmoja, chumba kimoja, hakina dirisha. Mzee, utapewa njia." Watu walicheka mpaka dawati moja likavunjika. Amepata njia ya zimamoto inayokwenda chooni! Hata mimi nilicheka. Kisha nikasimama kuangalia yangu.

Yangu inapita katikati ya maharage. Inaanzia kwa Godoro, inanyooka mpaka chini. Shamba limekatwa vipande vinne kama andazi. Kimoja tu kina jina langu, kile chenye nyumba, na ua wake hautoshi kuanika nguo.

Nikamwambia, binti, hizo nyumba tatu ni za uongo. Akanivuta pembeni. Akasema, bibi, nikiandika hayo, basi mmewadanganya waliohesabu, na hapo penye nyumba hewa patakuwa mali ya jiji, hiyo ndiyo adhabu. Zikiwa za kweli, shamba linakatwa viwanja. Nikamwuliza ulichoniachia ni nini sasa. Akakuna kichwa. Sikumpenda siku ile, leo nimemwona amechoka, macho mekundu. Mteremko mzima unamlilia yeye.

Akaniuliza, "Bibi, nyumba zote nne, mnapika wapi?"

Nikasema kila mtu na jiko lake. Si uliona moshi?

Akasema, "Niliona. Ndiyo maana ni kaya nne. Mngekuwa mnakula chungu kimoja mngekuwa kaya moja, hata mngekuwa na nyumba kumi. Kaya moja, kiwanja kimoja, hakikatwi." Akasema atapita tena Jumatatu asubuhi kuhakiki mlango kwa mlango, na ataandika anachokikuta.

Majiko matatu. Mwanangu ndiye aliyenunua mkaa.

Alhamisi, 20 Juni

Nimemwambia mwanangu. Anataka tuazime sufuria kubwa, tuiweke uani Jumatatu, akishapita kila mtu arudi kwake. Nikamwambia uongo wako wa kwanza umenikata shamba vipande vinne, huu wa pili utanikata nini, kichwa? Tutakula kweli. Kuanzia kesho. Nyumba zikae, watu wakae, tule pamoja.

Akasema, "Na mke wangu?"

Hapo ndipo penye kazi.

Nimevuka ua kwenda upande wake. Sijavuka tangu mambo ya mchuzi. Alikuwa anaosha vyombo, hakuinua kichwa. Nikasema, mkwe, kesho tunapika pamoja. Akasema, "Mama, nani atapika? Mimi au wewe?" Nikasema mimi. Akasema, basi nani ataweka chumvi? Nikamwambia usinijaribu. Akasema hanijaribu, anauliza tu, kwa sababu chumvi yangu inaua mimea.

Chumvi yangu!

Tumekubaliana. Mimi natia, yeye anaonja. Nimerudi kwangu nimekaa kitandani bila kuvua kanga. Nimechoka kuliko siku ya kulima.

Ijumaa, 21 Juni

Tumepika. Ameonja mara tatu kwa makusudi. Maharage yameiva vizuri, sitamwambia. Yeye kala sahani mbili, hakuniambia.

Godoro hakuja. Mkewe alichungulia mlangoni, akavutwa ndani.

Jumamosi, 22 Juni

Nimemwendea. Nimekaa kwenye godoro lake, pengine pa kukaa hapana. Nikamweleza yote polepole. Yeye ananisikiliza anakata kucha.

Akasema, "Shangazi, mimi nina namba."

Nikamwambia namba ya rangi nyekundu mlangoni, umepewa na nani? Mlango wenyewe ni wa nani? Akasema, mjini kila mtu na lake. Akipewa kiwanja atajenga kibanda cha simu mbele, huku nyuma apangishe. Ramani inamtambua. Kaazimwa kwa siku moja kama jembe, sasa jembe linadai shamba!

Nikamwambia baba yako angekusikia. Akasema baba hajawahi kuwa na namba mahali popote, wala yeye. Akalisema hilo bila jeuri, anatazama zile kucha. Nikainuka, nikaacha kumgombeza.

Maana ni kweli. Kaka yangu amekufa kwenye chumba cha watu, na huyu kakulia kwenye vyumba vya watu. Nikaondoka. Njiani nikakumbuka vitunguu vyake vimekaa kwenye tuta langu, hasira ikarudi, nashukuru.

Jumapili, 23 Juni

Mwanangu anataka ambomolee usiku. Nimemkataza. Asubuhi msichana atakuta ukuta chini na mtu analia na godoro lake nje, ataandika nini hapo? Kaya moja?

Mkwe ndiye aliyezungumza na mke wa Godoro kisimani. Mke anasema yeye angekuja kula leo leo, amechoka kupika kwenye bati lenye matundu, mvua inatia maji kwenye mchuzi. Ni mume ndiye mkaidi. Nimemsifu mkwe. Kidogo.

Nimemtumia Godoro ujumbe kwa mkewe. Nyumba yake abaki nayo, nitamwambia mwanangu aweke ukuta wa kweli na bati zima. Vitunguu abaki navyo. Mimi nikiwa hai hamtoi mtu. Lakini moto wake azime.

Hajajibu.

Jumatatu, 24 Juni

Naandika kwa haraka, kitabu kiko gotini, sufuria iko motoni. Sote tuko uani. Mkwe kaleta sahani za wageni, zile alizonificha tangu harusi yake. Mwanangu anamenya kitunguu analia, mjukuu anamwuliza baba unalilia nini. Mwalimu Mstaafu naye kaja na kigoda chake, ati ahesabiwe huku, anaona aibu kukutwa kule kwake. Nimemwambia akae mwisho, na kijiko aje nacho.

Afisa wa Ramani yupo kwa jirani wa tatu. Kofia naiona.

Moshi kwa Godoro. Kawasha! Amesimama mlangoni amekunja mikono, jiko miguuni, namba nyuma ya kichwa chake. Mkewe katoka ndani na sahani mbili. Amesimama katikati ya maharage. Anamtazama mumewe, anatutazama sisi. Haendi mbele, harudi nyuma.

Kofia imefika kwa jirani wa pili.

Wewe mwanangu, acha kunikodolea macho! Weka hicho kisu chini. Nenda kwa ndugu yako, mwamkie vizuri, usimguse. Bebeni jiko lake wote wawili, hivyohivyo linavyowaka, mlilete hapa mliweke chini ya sufuria. Mwambie shangazi yake mkaa umemwishia. Na wewe mkwe, mpishe yule mwanamke kwenye benchi, muda huu, kabla hajaghairi.