Kikonyo cha Mchungwa Wako

Mpendwa Papa,

Ziwa limeingia hadi kiwanjani kwetu. Mchungwa wako, kitu pekee chenye uhai ulichotuachia, ulisimama majini tangu mvua zilipoanza, ukageuka njano. Sikutaka kukuandikia habari mbaya huko uliko, lakini nani mwingine nimwambie?

Unakumbuka kosa langu? Nilikuwa na miaka tisa. Nilichukua kisu chako kwa siri, nikabandua jicho la mchungwa huo, kale kachipukizi kwenye kwapa la jani, nikalichomeka ndani ya gome la mwembe na kulifunga kwa kipande cha sashe ya plastiki. Nilitaka mwembe uzae machungwa, soko zima litushangae. Siku ya tano nilikuvuta shati.

"Papa, kuya uone! Iko mubichi!"

Hukucheka. Uliinama ukatazama.

"Ubichi si kitu, mwanangu. Iko inakunywa maji yenye ilitoka nayo. Mwembe na muchungwa haviko jamaa moja. Mulimao njo ndugu yake."

Jicho lilikauka, nikalia, ukanipeleka kwenye mlimao tukaanza upya. Ulinionyesha kuacha kikonyo cha jani chini ya jicho. Baada ya wiki tatu unakigusa: kikianguka, jicho limeshika, kikikauka na kung'ang'ania, limekufa. Kila mara ulisema, "Gusa weye, kidole changu ni kizito." Uongo mtamu ule, Papa. Kidole chako hakikuwahi kuvunja kitu.

Sasa nakaa mlimani. Nilipanda milimao mitatu, nikaibandika macho matatu kutoka tawi la mwisho lililokuwa na uhai. Sikukosea shina safari hii. Hata hivyo mawili yamekauka, vikonyo vimeng'ang'ania, na mchungwa wenyewe umeshakufa kule majini. Lilibaki jicho moja. Wiki nzima nilipita kando yake bila kuligusa, mtu mzima mimi, naogopa kijiti kisichofika urefu wa ukucha. Nilikuwa na hamu nawe.

Leo asubuhi nimenyoosha kidole. Kikonyo kimeanguka hata kabla sijakisukuma.

Nikageuka kukuita.

Pumzika, Papa. Nakwenda kuumwagilia maji mchungwa wako mpya.

Ni mimi, binti yako,
yule wa mwembe