Jiwe Chini ya Ulimi wa Baba

Nyumbani, chumba cha juu,
Jumapili, asubuhi ya mawingu.

Mpendwa Kaka,

Salamu tele kutoka dirishani kwetu. Hujambo? Wifi naye, kikohozi kimemwachia? Sisi wazima. Nyumba inanukia chai na Baba amesinzia kitini.

Najua umekuwa roho juu tangu nilipokupigia simu. Tulia sasa, jiwe limetoka.

Kumbe miezi yote ile Baba alipokuwa akiacha sahani na kutoka nje, hakuwa amemnunia Mama. Kila akinusa chakula, chini ya taya palimvimba na kuuma, naye akaona haya kusema. Mama akadhani mumewe, mwonja chai wa ghalani, amechoshwa na mapishi yake, akawa anaweka sahani na kupita bila neno. Daktari wa meno aliyemwendea kisirisiri naye akang'oa jino lisilo na kosa.

Nyumba ilipoa, Kaka. Hata usingizini nilisikia birika likichemka peke yake.

Maumivu yalipozidi tukampeleka hospitali, na daktari wa huko ndiye aliyempa kipande cha ndimu alambe. Taya likaumuka mbele ya macho yetu! Akapapasa chini ya ulimi kwa kidole chenye glavu. "Mzee, una jiwe humu, limeziba mrija wa mate." Eksirei ikaonyesha doa jeupe, kubwa kama kokwa la tende. Kwa kawaida huwa kama punje ya mchele tu.

Baba hakuogopa kisu, aliogopa kupoteza ulimi wake. Karibu na jiwe hupita mshipa wa fahamu, na ukijeruhiwa huenda asionje tena. "Nisipoonja, mimi ni nani?" aliniuliza. Nikamshika mkono, nikalia.

Walichana kidogo ndani ya mdomo, wakalitoa, tezi wakaiacha salama. Nililishika kiganjani, la manjano, jepesi ajabu. Nikawa kama naota: hiki ndicho kilichowatenga wazazi wetu?

Jana Mama alimletea kikombe cha kwanza cha chai. Baba akafyonza kwa kishindo kama kazini, akafumba macho.

"Mke wangu," akasema, "maji haya hukuyaacha yachemke."

Mama akaangua kilio cha furaha, akamwomba aseme tena.

Msalimie sana Wifi, na kitindamimba wenu mbusu kwa niaba ya shangazi yake. Mola awalinde huko mliko, na maji yenu yachemke sawasawa.

Akupendaye daima,
Dada yako