Mwanangu Amepewa Kumwigiza Babu Yake

Mpendwa mshauri, nakuomba unishike mkono, kwa sababu nyumbani kwangu tunaishi na mtu aliyekwisha kuzikwa, kila mmoja anamjua kwa namna yake, na mimi mwanawe nimefika mahali simjui tena.

Baba yangu alikuwa nyapara kwenye machimbo ya mawe ya mji huu, nami nilikuwa mtoto mdogo siku ile baruti ilipolipuliwa watu wakiwa bado shimoni na lango limefungwa, na aliyelifunga ni baba, hilo halina ubishi, hata mama hajawahi kulikana. Anachosema mama ni kwamba kila mchimbaji akitoka alitundika kibati chake cha namba ukutani kwenye msumari wake, na nyapara akiona misumari yote imejaa anafunga lango na kupiga kengele ya baruti, ila wachimbaji walikuwa na mazoea ya kutundikiana, mmoja anatoka na vibati vya wenzake ili wao wabaki wamalizie kupakia, na siku ile vibati vyote vilikuwa ukutani. Baba hakufungwa jela, lakini hakupewa kazi tena na mtu yeyote, akafa kabla sijamaliza shule, na hatuna picha yake hata moja.

Baadaye mwalimu mmoja akatunga mchezo wa kuigiza kuhusu siku ile, na ndani yake nyapara anayechechemea anafunga lango makusudi kwa sababu wachimbaji walitaka kugoma, halafu anacheka. Vibati havimo. Mchezo huo unaonyeshwa kila mwaka siku ya kumbukumbu, watoto wanausoma shuleni, na hapa kwetu mtu akikutendea ubaya unamwambia "umenifungia lango". Waliokufa walikuwa wachache, lakini siku hizi wajukuu wao hawahesabiki, hata waliohamia juzi na magodoro yao kichwani wanakuambia "sisi watu wa shimoni". Mimi peke yangu ndiye ninayetoka upande wa pili wa lango.

Nafanya kazi ya kupiga pasi kwa dobi, na koti la nyapara huletwa kwetu kabla ya mchezo, koti jeusi lenye vifungo vya shaba, nami nalinyoosha, ingawa baba hakuwahi kuwa na koti. Kwa miaka mingi aliyelivaa alikuwa kinyozi, mtu mpole, tukikutana njiani aliinamisha kichwa kama anayeniomba radhi. Mwaka huu kinyozi amepooza upande mmoja, na mkuu wa kikundi cha maigizo akampa nafasi hiyo mwanangu wa kwanza, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mzima mwenye mke, tunaishi ua mmoja. Nilimfuata mkuu wa kikundi nikamwuliza kama hakuona mwingine. Akanijibu, "Mama, wengine wote wanaigiza. Huyu wako hahitaji."

Nikamwambia mwanangu akatae, akasema, "Mama, mchezo tu huo."

"Kama ni mchezo tu, mbona unachechemea mpaka kazini?"

"Nauzoesha mguu."

"Babu yako alikuwa hachechemei."

"Basi alikuwaje? Niambie, nitamwigiza hivyo."

Hapo nikanyamaza, mshauri, maana nilipomtafuta baba kichwani nilimkuta kinyozi, na koti, na mguu, na kile kicheko.

Juzi mwanangu alikuwa uani anajizoesha kucheka, na mama yangu, ambaye siku hizi akili inakuja na kuondoka, akaniambia kutoka kitandani, "Mwambie baba yako aingie, chai inapoa." Nikamwuliza, "Mama, baba alikuwa akicheka hivyo?" Akasema, "Hivyo hivyo." Na ni mama huyu huyu zamani aliyetoka ukumbini katikati ya mchezo akinivuta mkono, akisema mume wake alikuwa hacheki kwa sauti, alikuwa akicheka mabega tu yakimtikisika. Sasa nimzuie mwanangu kwa laana, au nilichome lile koti kwa pasi, au ninyamaze kama tulivyonyamaza siku zote? Onyesho limekaribia na sina wa kumwuliza.

Mpiga pasi

MSHAURI ANAJIBU

Mama, koti usilichome. Watashona jingine, nawe utakuwa umefukuzwa kazi kwa ajili ya kitambaa. Laana nayo iache. Mtu mzima mwenye mke hazuiwi kwa laana. Atakwenda tu, ila atakwenda na hasira, na hasira itamsaidia kucheka vizuri zaidi.

Pole. Nimeandika habari za ajali nyingi kabla ya kupewa ukurasa huu, na nimeona zinavyogeuka. Mwanzoni watu husimulia walichoona. Muda ukipita husimulia walichosikia. Akitokea mwenye kipaji akatunga mchezo au wimbo, hadithi imepata mwenyewe, na hata waliokuwepo siku ile watakata tiketi ili wajue waliona nini. Mji wako hauna ubaya wa pekee. Ulipata msiba usio na sababu ya kueleweka, na mchezo ukaupa sababu. Misumari iliyojaa vibati haimlizi mtu. Mtu anayecheka huwaliza wote, na zaidi ya hapo anawapunguzia swali la nani alitundika vile vibati, maana aliyetundika alikuwa jirani yao, pengine wajukuu wake nao leo wanajiita watu wa shimoni.

Lakini nawe ujiulize unajuaje kwamba mama yako anasema kweli. Simtukani. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mjane naye ana ngoma yake. Huenda vibati vyote vilikuwa ukutani. Huenda baba yako alitupa jicho tu kwa sababu amechoka na anataka kwenda nyumbani. Mimi sijui, wewe hujui. Usiende kwa mkuu wa kikundi kumwambia baba yako alikuwa malaika, hatakusikiliza, na atakuwa na haki.

Kosa lako liko kwingine. Mwanao alikuuliza, "Alikuwaje?" Katika mji mzima huo hakuna aliyewahi kuuliza swali zuri kama hilo, nawe ukanyamaza. Jibu ulikuwa nalo, kwa sababu umeniandikia mimi nisiyekujua: mabega. Mtu asiyeambiwa babu yake alikuwa nani atamchukua yule anayepewa na jukwaa, na jukwaa halichoki kutoa. Mlikaa kimya mkidhani mnamlinda. Mlimwachia chumba kitupu, wenzenu wakaweka vitu vyao.

Kwa hiyo mwite, yeye na mkewe, uwaeleze habari ya vibati kama mama yako alivyokueleza, na uwaambie pia kwamba huna hakika. Sema na hilo la kucheka bila sauti. Kisha umwache aamue. Akitaka kuigiza, amwambie mkuu wa kikundi kwamba ukuta na misumari viwekwe jukwaani, watu waone vibati vikitundikwa kabla lango halijafungwa. Wakikataa, avue koti awarudishie. Nadhani watakataa. Mji haumwachi kirahisi mtu uliozoea kumlaumu. Naye mwanao akiona heri kubaki nalo, usimfukuze kwenye ua wako, ila ukumbini usiende. Hakuna anayekulazimisha kukaa kwenye kiti umtazame mwanao akikuzikia baba yako mara ya pili.

Kuhusu sura ya baba yako, dawa sina. Iliyokutoka haitarudi, na atakayekuahidi inarudi ana kitu anataka kukuuzia. Kilichosalia kiko kwa mama yako, na kila siku kinapungua. Usimwulize tena alichekaje, huko wameshapita wengine. Mwulize yale ambayo hakuna mtunzi angehangaika nayo: alilala upande gani wa kitanda, alimwitaje mama yako wakiwa wawili tu, aliogopa nini, aligombana na nani kuhusu nini. Siku nyingine atakujibu habari za mtu mwingine kabisa. Msikilize, usimsahihishe. Anza leo ukitoka kazini, kabla hujashika kazi nyingine ya nyumbani. Ukimkuta amelala, vuta kiti ukae.