Kugawanya Umeniachia Mimi

Mama Nuru,

Nimekukasirikia. Watu wanasema marehemu huombewa dua, hasemwi. Dua nimeshakuombea. Sasa nisikilize.

Juzi nilihamisha marobota ya suruali pale chini ya dirisha, nikakuta madaftari yako kumi na moja, umeyafunga kwa kanga. Masomo ya Nuru. Siyo ya wiki ile uliyokufa, ni ya miaka miwili mbele! Mpaka mitihani umemtungia. Kumbe ulijua. Kila nikikuuliza tumbo vipi, unaniambia ni gesi tu, huku unamwandikia masomo mtoto unayemwacha. Siku zile tungekuwa hospitali, mke wangu. Umenifanya mjinga ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Na shule yenyewe hatukukubaliana. Ile ya hapa mtaani walitujibu kwa Kichina, "meiyou", yaani hakuna nafasi, karatasi zetu hawakuzitazama hata. Mimi nikasema basi, arudi Dar kwa kaka yangu akasome kama watoto wenzake. Wewe ukaenda kwa mafundi cherehani wa mtaa wa Kangle, ukamshonea sketi ya bluu na shati jeupe. Ukagonga sufuria kwa kijiko, ndiyo kengele. Ukamkataza kukuita mama mpaka saa sita, eti saa za shule wewe ni mwalimu. Nikakwambia unachezea maisha ya mtoto. Shule ina mwalimu mmoja, akiugua itakuwaje?  Ukaendelea kumenya vitunguu.

Tangu tukuzike, kaka anapiga simu kila Ijumaa: mlete mtoto. Tiketi yake ninayo.  Asubuhi Nuru anavaa yunifomu yake, anakaa mezani, anangoja kengele. Miaka minane tu, halafu anangoja hivyo! Inaniuma, na inaniudhi.

Madaftari niliyafungua nikiwa na nia ya kuyatupa. Yote yamejaa, isipokuwa moja. Juu umeandika: "Kugawanya. Atafundisha baba yake." Kurasa tupu mpaka mwisho. Mwanamke wewe! Hukuniomba, hukuniuliza, umenipangia kipindi.

Leo sikwenda sokoni Zhanxi kuuza. Niligonga sufuria. Nuru akasimama wima akasema, "Shikamoo, mwalimu."  Nikaenda kusimama koridoni, nikarudi. Nikammwagia soksi mezani, pea ishirini na nne, nikamwambia azigawe sawasawa kwa watu wa nyumba hii.

Alipanga taratibu, ulimi nje kama wewe ukitunga uzi kwenye sindano. Akatoa mafungu matatu, nane, nane, nane. La tatu akaliweka upande wa dirisha, kwenye kiti chako.

Nikamwekea alama ya vema kwenye daftari lile tupu.

Tiketi nitairudisha, na kaka nitamwambia mwenyewe. Kugawanya nitamfundisha mpaka aelewe, na madaftari yako yote tutayamaliza, hata yale ya sarufi ambayo mimi mwenyewe yananishinda. Lakini usidhani hasira zimekwisha. Tutaonana, na siku hiyo utanieleza.

Pumzika, mwalimu.

Baba Nuru