Mimi Si Chanzo

Mkuti, Masasi,
21 Septemba 2003.

Mpendwa Mjomba Ladislaus,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Mama Esther na watoto hawajambo huko Tabora? Sisi wazima, ila Mama anakohoa kwa vumbi. Mikorosho imetoa maua mazuri mwaka huu.

Barua yako nimeipata, nikaisoma kwa hasira. Usishtuke, hasira si kwako. Unamsifu Cuthbert wa kipindi cha michezo redioni kwamba anaijua soka ya kwetu kuliko sisi wenyewe. Unasema ulimwaga chai kwa kucheka aliposema golikipa wa Makote aliufukuza mpira kama kuku wa kitoweo. Mjomba, maneno yale ni yangu. Kila baada ya mechi nampigia simu na kumsimulia mchezo wote, naye jioni anausimulia kana kwamba alisimama nyuma ya goli. Masasi hajawahi kukanyaga.

Nilimwomba kwa adabu anitaje. Akaniahidi vocha, nikamwambia vocha nanunua mwenyewe. Basi akaanza kusema habari anazipata kwenye "vyanzo vyangu vya kusini". Chanzo ni cha mto. Mimi nilibatizwa Lukuledi nikapewa jina, na padri alilitamka bila shida.

Jumapili iliyopita ilikuwa fainali, Lukuledi na Makote. Safari hii Cuthbert alinipigia yeye, tena tukawa hewani moja kwa moja, maana alishawaambia watu wakae mkao wa kula. Mama akanifinya ili niwe na heshima. Nikasema, "Kwanza waambie wasikilizaji unaongea na nani."

Akacheka, akasema ni mdau wetu wa kusini.

"Mdau ana jina. Litaje, nikupe matokeo."

Akaweka muziki.

Tangu hapo hapokei simu yangu. Watu wananiambia nimejifungia mlango, maana nilitamani sana kuwa mwandishi wa michezo wa redio ile. Inaniuma, sikufichi. Lakini simwombi radhi. Nasikia alimtafuta hata Awadhi, yule golikipa wa kuku, ampe matokeo, naye akagoma. Alisema kama ni kutaniwa, bora ataniwe na mtu aliyemwona akikosea. Nilimpenda siku ile.

Mama anakusalimu sana, na jirani yetu Shamsia pia. Mungu akupe nguvu ya goti, uje tule pamoja korosho mpya.

Matokeo ni Lukuledi mawili, Makote moja. La ushindi alifunga Tahiri kwa kichwa. Redioni hayajasikika mpaka leo, kwa hiyo Tabora nzima unayajua wewe peke yako. Wasimulie majirani. Wakikuuliza nani kakwambia, wasomee jina lililo hapa chini, lote.

Mpwa wako akupendaye daima,
Anjelina Kasiani Majaliwa