Kutoka Adelaide Hadi Kliniki Yako

Mwanangu Rehema,

Jana ukumbini Rinkeby, hapa Stockholm, mama mmoja alinibana mbele ya watu: "Baba Rehema, yaani binti wa pekee umemwacha Australia akaishi na kangaruu?" Wakacheka. Nikamwambia kwamba wazazi tuliovuka nusu ya dunia kutafuta maisha, kisha tukawakataza watoto wetu kusogea, tu wanafiki. Kicheko kikakatika. Lakini njiani kurudi nyumbani Sundbyberg niliona kwamba aliyestahili jibu ni wewe, uliyeniuliza uwanja wa ndege siku naondoka huko: "Baba, nikisaini mkataba wa kudumu wa kliniki, nitakuwa na radhi zako?"

Unakumbuka tulivyotoka Adelaide kwenda kwako, madumu ya maji nyuma ya gari, nami nimebeba hoja za kukurudisha Stockholm? Nilihutubu mpaka nyumba zikaisha. Wewe ulishika usukani tu. Miti ikafupika, ardhi ikawa nyekundu kama tofali, barabara ikanyooka bila mtu. Hatimaye likaja lori lenye matela matatu, na dereva wake akainua kidole juu ya usukani.

"Punguza mwendo!" nikapiga kelele. "Trafiki wako mbele!"

Ulicheka mpaka ukasimama pembeni. "Baba, hapa si Morogoro. Anasalimia tu."

"Kwani ananijua?"

"Hakujui. Huku wanasalimiana wote. Na wewe inua, usiwe kama majirani zetu wa Stockholm kwenye lifti."

Nikainua. Baada ya hapo nilikuwa nawawahi mimi, kabla hawajanikaribia, nawe ukinitania kwamba nagombea ubunge.

Ndipo nikagundua kwamba tangu asubuhi hukunijibu kwa Kiswidi hata mara moja. Wewe, uliyenijibu kwa Kiswidi tangu chekechea! Nilipokuuliza, ulisema polepole, "Huku sina wa kuongea naye Kiswahili, Baba. Nakitamani." Nikageukia dirisha. Hoja zangu nikaziacha hapo barabarani.

Kliniki yako ina paa la bati na benchi moja kivulini. Bibi aliyekuwa akisubiri kupimwa presha alikushika mkono, akanitazama kwa mashaka, akauliza kama nimekuja kukuchukua. Ukamjibu, "Bado hajasema."

Nimewatetea wengi kwa kalamu magazetini, watu nisiowajua hata sura. Sasa ni zamu ya mwanangu. Sikufichi, nyumba ina upweke, na ugali wa mtu mmoja hauna raha. Lakini upweke wangu si ugonjwa wa kukuita uutibu. Yule bibi presha yake ni ya kweli, nawe umeipenda kazi hiyo, niliona ulivyomwinamia.

Basi nasema. Saini mkataba, mwanangu. Radhi zangu unazo zote. Na atakayekuambia umemtelekeza mzee wako, usibishane naye. Mlete kwangu.

Kaa salama huko uliko.

Ni mimi,
Baba yako